Kanisa Linapojiandaa Kuvuka Mwaka



Katika mwezi huu wa Desemba, hapa Eldoret na viungani mwake, kazi ya shamba na kazi ya kanisa hukutana mlango mmoja. Huku mahindi yangali yakianikwa juu ya maturubali kandokando ya njia, na malori yakipanga mstari kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka, kule ndani ya makanisa ya Kipentekoste ya Langas, Huruma, Kapsoya, Munyaka na Kimumu, wazee wa kanisa, mashemasi, akina mama na vijana wa kwaya hukaa vikao hadi giza likaingia, wakipanga kesha la usiku wa tarehe 31, wakiagiza hema, wakihesabu viti vya kukodi, wakitafuta jenereta la akiba endapo umeme utakatika, na wakimngoja mchungaji atoke katika maombi yake ya faragha na lile neno moja litakaloandikwa kwa herufi kubwa juu ya bango la mwaka: mwaka wa kurejeshewa, mwaka wa kupanuliwa mipaka, mwaka wa kufanywa upya.

Sijaja kulipinga bango hilo, wala sijaja kuifanyia dhihaka furaha ya watu wanaoingoja kheri. Mtu aliyelima ekari mbili kwa mbolea ya mkopo, akavuna, akauza, na baada ya kulipa madeni akabaki na karo ya mtoto mmoja ilhali anao wanne, ana haki ya kusimama usiku wa manane katika baridi ya nyanda hizi za juu akamwomba Mola wake mwaka ulio bora kuliko huu. Nililokusudia kusema ni jingine. Kanisa likitangaza kwamba litafanywa upya, tangazo hilo lina masharti, na baadhi ya masharti hayo hapa kwetu ni mazito kuliko mahali pengine, kwa sababu tarehe mosi Januari katika kaunti yetu hii ya Uasin Gishu si tarehe tupu.

Kukesha kwa ibada si desturi ya jana. John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, aliianzisha mikesha yake huko Uingereza katika miaka ya 1740, akifuata mfano wa Wakristo wa kale na wa ndugu zake Wamoravia, na miongoni mwa watu wa kwanza walioizoea walikuwa wachimba makaa wa Kingswood, karibu na Bristol, ambao kabla ya kuamini walikuwa wakiumaliza usiku wao vilabuni. Kutoka huko desturi ikavuka bahari, na usiku wa tarehe 31 Desemba 1862 Wamarekani weusi, walio huru na walio utumwani, wakakusanyika makanisani na katika vibanda vyao kuingoja saa sita, kwa kuwa kesho yake, tarehe mosi Januari 1863, tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaweka huru watumwa katika majimbo yaliyoasi lilikuwa lianze kutumika. Waliongoja kwa magoti usiku ule walikuwa wakiingoja hati yenye sahihi, yenye kubadili hali ya mtu mbele ya sheria na mbele ya jirani yake, na mwaka mpya kwao ulikuwa na maana inayoonekana kwa macho.

Upentekoste wenyewe, kwa sura tunayoijua leo, ulipata nguvu mwaka 1906 katika nyumba duni ya mtaa wa Azusa huko Los Angeles, chini ya William Seymour, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Na katika Kenya mojawapo ya chemchemi zake za mwanzo ni Nyang'ori, upande wetu wa magharibi, ambako Otto Keller na mkewe Marian walitumika tangu miaka ya 1920, na ambako ndiko lilikokulia kanisa la Pentecostal Assemblies of God. Historia hiyo ni ndefu na leo nitaipita. Mwamsho ninaotaka kuuzungumzia hasa ni ule uliotoka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukabebwa na watu kama daktari Mwingereza Joe Church, na Simeoni Nsibambi wa Buganda, na ndugu yake Blasio Kigozi aliyefariki angali kijana mwaka 1936, kisha ukaingia Kenya mwaka 1937 kwa mkutano wa Kabete, na kutoka hapo ukaenea vijiji kwa vijiji.

Watu hao hawakuwa Wapentekoste. Walibaki Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, na aghalabu walilaumiwa na maaskofu wao kwa ukali wa maneno. Walakini Wapentekoste wa leo, hata wale wasiojua jina la Gahini, wamerithi kwao mengi: kutoa ushuhuda mbele ya mkutano, kuitana ndugu, kuungama dhambi kwa jina lake bila kuifunika. Lakini uko urithi mmoja ambao naona umeachwa njiani, nao ni kurudisha. Katika mwamsho ule, mtu alipookoka, jambo la pili lililotazamwa baada ya machozi yake lilikuwa nyumba yake. Karani aliyekuwa ameficha fedha za ofisi alizipeleka kwa mkubwa wake, akiwa tayari kufungwa. Aliyemdhulumu jirani mbuzi alimfungulia mbuzi akampeleka. Mume aliyempiga mkewe alimwomba radhi mbele ya ndugu waliokaa kwenye mkeka uleule. Wazee wa zamani hawakuuliza mtu amelia kwa sauti gani. Waliuliza amerudisha nini, na kwa nani. Wala hawakulitunga jambo hilo wao, kwa maana Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kurudisha mara nne siku ileile aliyompokea Bwana nyumbani kwake.

Mkulima wa hapa anajua kwa njia yake kukagua kabla ya kufunga. Kabla hajafunga mahindi katika gunia, na ikiwa hana kipimo cha kisasa, huchukua chupa kavu, akatia punje na chumvi kavu, akaitikisa kwa dakika kadhaa, kisha akaitazama: chumvi ikishika kioo, mahindi yana maji bado, na hayajafika ile asilimia 13.5 ambayo Bodi ya Nafaka inaitaka, na akiyafunga hivyo yataota ukungu na kuzalisha sumukuvu, tena gunia kwa nje litazidi kupendeza. Mwaka wa kanisa nao hufungwa hivyo, na wengi wetu huufunga mbichi.

Niruhusuni niliseme jambo hilo kwa karibu. Katika kila kanisa liko daftari la mweka hazina, lile la jalada gumu, ukurasa wa kushoto mapato na wa kulia matumizi: sadaka ya Jumapili, fungu la kumi, changizo la mabati, rambirambi za msiba. Daftari hilo likifunguliwa katika wiki ya tatu ya Desemba kwa nia njema, aghalabu yatatokea majina ambayo hayana alama ya kulipwa. Atatokea mama mjane aliyeombwa magunia mawili ya mahindi kuwalisha wageni wa mkutano wa injili wa mwezi wa Agosti, akaambiwa atalipwa baada ya mavuno. Atatokea fundi aliyepiga lipu ukuta wa madhabahu, akapewa nusu ya ujira na baraka kwa nusu iliyobaki. Atatokea kijana anayepiga kinanda kila Jumapili, anayetembea kwa miguu kutoka Maili Nne kwa kuwa nauli aliyoahidiwa ilikoma mwezi wa Machi. Kanisa linalotaka kuvuka mwaka likiwa jipya lina kazi ya kuwalipa watu hawa kabla halijakodi hema, na ikiwa fedha hazitoshi hema na deni, basi waumini wakeshe ndani ya jengo lao dogo, wengine wasimame uani wakiwa wamejifunika mablanketi, na deni liishe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mazungumzo haya.

Siku ya Jumanne, tarehe mosi Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu wetu, lilitiwa moto likiwa na watu ndani. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Watu wa Kiambaa, wengi wao Wakikuyu, wanawake na watoto wakiwa wengi zaidi, walikimbilia kanisani kwa itikadi ya kale kwamba nyumba ya Mungu haivunjiwi heshima hata na mwenye ghadhabu. Na vijana wenye silaha, walioshikwa na chuki ya kikabila, wakaizingira nyumba hiyo na kuichoma. Zaidi ya watu 30 walikufa. Makaburi yako papo hapo kiwanjani. Katika nchi nzima, hadi Kofi Annan alipowakutanisha viongozi na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wameyahama makao yao, na uwanja wa maonyesho wa hapa Eldoret ukawa mji wa mahema.

Mtu ataniuliza kwa nini nafukua majivu ya zamani wakati watu wanataka kuimba. Ninayafukua kwa sababu lilikuwa kanisa la Kipentekoste, na siku ilikuwa ya mwaka mpya. Kila mara jiji hili linapokesha kuingoja tarehe mosi, linakesha kuelekea siku ileile. Na wako miongoni mwetu mabibi ambao, saa sita ikigonga na baruti za furaha zikilipuka mjini, hawasikii furaha. Wanakaa katika makanisa yetu, viti vya nyuma. Wako pia katika viti hivyohivyo watu ambao mwaka ule walikuwa vijana wa miaka ishirini, na leo ni baba wa watoto, pengine ni mashemasi, na ambao wanajua walikuwa wapi asubuhi ile. Sheria haikuwafikia: mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na Jaji David Maraga, aliyetoa hukumu, akalaumu jinsi uchunguzi ulivyofanywa. Hivyo hakuna aliyehukumiwa kwa moto ule, na madhali mahakama ilifunga jalada lake, lililobaki limebaki mikononi mwa majirani na dhamiri zao.

Nadhani makanisa yetu yamekwepa jambo hili kwa huruma isiyo mahali pake. Tumeogopa kutonesha kidonda, tukaamua kusema kwamba yaliyopita si ndwele, na kila mwaka tukatafuta bango jipya. Lakini mtu haambiwi asahau na yule ambaye hajamwuliza alipoteza nini. Mambo haya kwanza husikilizwa, kisha huombwa radhi, na kusahau, kukiwapo, huja kwa hiari ya mwenye msiba.

Alikuwapo mtu katika jiji hili aliyeonyesha kwamba inawezekana, naye hakuwa Mpentekoste. Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Eldoret tangu 1990 hadi kufariki kwake mwaka 2017, aliwafungulia ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu maelfu ya waliokimbia, naye akiwa Mkalenjin, wao wengi wakiwa wa kabila lililokuwa likiwindwa. Na moto ulipopoa hakuanza kwa mkutano mkubwa wenye vipaza sauti. Alianza na watu wachache wa upande mmoja, wakaeleza uchungu wao peke yao; kisha wachache wa upande wa pili, nao peke yao; kisha wajumbe wa pande mbili; na polepole duara likapanuka, likatiwa kazi ya pamoja, barabara, shule au josho la ng'ombe, ili watu wapate sababu ya kukutana isiyokuwa kulaumiana. Mwaka 2009 aliyaandika aliyojifunza katika kitabu alichokiita Amani Mashinani. Sioni fedheha yoyote kwa Mpentekoste kujifunza kwa Mkatoliki. Roho aliyeshuka siku ya Pentekoste, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume, alishuka katikati ya watu wa lugha nyingi, kila mmoja akasikia kwa lugha yake, na hakuna hata mmoja aliyetakiwa kuiacha.

Na hapa mchungaji aweza kuanza kwa swali dogo, akiwa amekaa na wazee wake: nani hayupo? Katika ushirika ule uliokuwa na Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na Wakisii, nani alihama mwaka 2008 akauza kiwanja kwa bei ya kutupa, na nani alikinunua? Je, yumo kanisani? Swali hilo linauma, nakiri, lakini linafanana sana na maswali waliyoulizana ndugu wa mwamsho wa zamani, na nchi inaelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, ambao kwa ajili yake wanasiasa wameshaanza kutembelea ibada zetu wakiwa na bahasha. Mwezi wa Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alizirudisha fedha ambazo Rais alikuwa amezitoa katika parokia ya Soweto, akasema kanisa lisitumiwe kuwa jukwaa la siasa. Makanisa madogo ya mabati, ambayo wachungaji wake hawana mshahara, yana mtihani mkubwa zaidi mbele ya bahasha kama hizo, nami siwahukumu. Lakini ahadi ya kutompa mwanasiasa madhabahu ni afadhali iwekwe sasa, Desemba, kabla hajafika mlangoni na wazee wakaanza kutazamana.

Neno moja kuhusu mfungo. Makanisa yetu mengi yatafunga siku 21 kuanzia wiki ya kwanza ya Januari, na ni ibada ya heshima. Ila tangu mwezi wa Aprili 2023, wakati makaburi ya Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, yalipoanza kufukuliwa, ikatolewa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufa kwa njaa ni njia ya kumwona Mwokozi, hakuna mchungaji mwenye haki ya kutangaza mfungo kwa ujumla na kushuka madhabahuni. Na atangaze kwa kinywa chake, kwa Kiswahili na kwa lugha za wazee, kwamba mama mjamzito na anayenyonyesha hawafungi, mtoto hafungi, mwenye kisukari, na anayemeza dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI, wasiache dawa wala chakula cha kuzimezea. Na amwambie muumini kwamba akishikwa na udhaifu, aende hospitali, na imani yake haitapungua.

Na kesha lenyewe je? Liwepo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2020, wakati wa korona, amri ya kutotoka nje kuanzia saa nne usiku ilitufungia majumbani, na makanisa yakawa kimya. Tuliomba na watoto wetu mezani, tukajua kwamba kesha linaweza kukaa hata katika chumba kimoja. Tangu turudi makanisani nimetamani tulirudishe na ile hali ya nyumbani. Pendekezo langu ni kwamba saa moja ya kesha, tuseme kuanzia saa nne hadi saa tano, vyombo vya muziki vinyamazishwe, na watu waachwe watoke walipokaa waende kwa yule waliyekosana naye, kama inavyoagizwa katika sura ya tano ya Mathayo, kwamba sadaka ingoje mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane na ndugu yake. Wasioweza kusema wasilazimishwe. Baada ya hapo kwaya ipige kwa nguvu zake zote.

Na asubuhi ya tarehe mosi, badala ya kila kanisa kulala au kufanya sherehe yake, wachungaji wa jiji hili, ambalo tangu tarehe 15 Agosti 2024 linaitwa jiji kwa hati ya serikali, waafikiane kwenda Kiambaa pamoja, Wakalenjin na Wakikuyu na wengineo, bila bango la mwaka na bila bango la kanisa lolote. Lakini kabla ya kwenda watume wazee wawili au watatu wenye busara, wiki hii au ijayo, wawaulize wenyeji wa Kiambaa kama wanaridhia, kwa kuwa msiba ni wao, na ni wao wenye kusema watu waje wangapi, waimbe au wakae kimya, watoto waletwe au wabaki, na ni nani asiyestahili kupewa kipaza sauti.